Rodi Iliyogoma Kunyooka

Mudathiri alishuka kwenye lori la mpunga hapo Kibiti akiwa na uchovu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa njia: pantoni la Ndundu lilikaa ng'ambo mpaka jua likapanda utosini, na barabara yenyewe, mwaka ule wa tisini na tano, ilikuwa mashimo yaliyopeana mikono. Wa pili ulikuwa wa arobaini ya dada yake kule Nyamwage. Huo ni uchovu wa kukaa mkekani, kupokea pole na kuitikia dua, ambao mtu hausikii mpaka anapoinuka. Alichotaka sasa ni maji ya kuoga na kitanda cha kamba. Basi.

Lakini Miraji alikuwa anamngoja kituoni. Huyu Miraji ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la kijiko, mtu mzima mwenye mke na watoto, na siku zote salamu yake ilikuwa ndefu kama hotuba ya Ijumaa. Leo alisema shikamoo tu, akapokea mfuko.

"Marahaba," akasema Mudathiri. "Haya, sema."

"Fundi, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Sema kilichovunjika."

Miraji akautazama mfuko alioushika. "Hakijavunjika, fundi. Kimepinda."

Wakaelekea yadi moja kwa moja, maji ya kuoga yakabaki kuwa ndoto.

Yadi hiyo ilikuwa nje kidogo ya mji, na zamani ilikuwa ya shamba la serikali. Mudathiri alifika hapo akiwa kijana, ameshuka kutoka milima ya Umatumbi na nguo moja mwilini na nyingine begani, akaajiriwa kuosha matrekta. Kuosha kukazaa kushika spana, kushika spana kukazaa ufundi. Hakuna aliyemfundisha kwa ubao. Matrekta yenyewe ndiyo yaliyomfundisha, moja moja, kwa kuharibika. Kisha shamba likaanza kufa. Mishahara ikachelewa, mashine zikakaa bila spea, majani yakaota mpaka kwenye magurudumu. Zikaja zama za ruksa, biashara ikawa huria, mali za umma zikauzwa, na yadi nzima ikanunuliwa na Saadi, mwenye duka kubwa pale Kibiti. Alinunua jembe, alinunua trela, alinunua matrekta yaliyokufa na moja lililo hai. Mudathiri hakuwa katika mauzo, ila siku ya pili yake alikutwa palepale, amelala chini ya mashine, akikaza nati. Saadi akamwambia aendelee.

Hilo moja lililo hai ndilo watu wote waliloliita Kijiko, kwa sababu mbele lilikuwa na bakuli la chuma la kuchotea mchanga na kifusi. Na ajabu ya kijiko ni hii: hakinyanyui kwa mnyororo wala kwa kamba. Kinanyanyua kwa mafuta. Pampu inayasukuma mafuta ndani ya bomba nene la chuma, ndiyo silinda. Humo ndani mafuta yanaisukuma pistoni, na pistoni inaitoa nje rodi, fimbo ya chuma nene kama kifundo cha mkono, iliyong'arishwa hata ukicheka unayaona meno yako. Rodi ikitoka, bakuli linainama na kumwaga. Rodi ikirudi ndani, bakuli linajikunja. Mafuta yale yale yanayopita kati ya vidole ukiyashika, yakifungiwa mahali pasipo na upenyo yanabeba mzigo wa kuwashinda wanaume wa mtaa mzima. Mudathiri alikuwa amezeeka na jambo hilo, na bado mara mojamoja lilimshangaza.

Kijiko kilisimama katikati ya yadi, bakuli limeinamia upande, kama mtu aliyeumwa jino. Rodi ya silinda ya kulia ilikuwa imetoka nje yote na kubaki huko, imepinda upinde unaoonekana hata na mtu asiyejua kitu.

Kando yake alichutama mwanamume mmoja mweusi, mkavu, mwenye viganja vilivyopasuka kwa maji ya chumvi. Akainuka.

"Huyu ni mjomba Mohamedi, wa visiwani huko kwetu," akasema Miraji. "Mkata mikoko. Lori la boriti zake lilizama topeni."

"Lilizama wapi?"

"Njia ya Nyamisati, kwenye udongo mweusi. Tope limefika kwenye ekseli. Nikasema nitalisukuma kidogo tu kwa nyuma."

"Ukalisukuma kwa kijiko."

"Ndiyo."

"Bakuli likiwa limefunguka."

Miraji akajikuna shingo. "Nilitaka kilishike lori vizuri, fundi. Kama kiganja."

Mudathiri akanyoosha mkono wake wote mbele, akamwambia asukume kwenye kiganja. Miraji akasukuma, na kiwiko kikayumba pembeni. "Umeona? Rodi ikitoka yote ni mkono ulionyooka. Hauna nguvu. Ungekikunja, ungesukuma mpaka Mafia. Na mnyororo wa kukokotea ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa yadi."

"Basi ulikuwa unapumzika. Umefanya vizuri, ungechoka bure."

Mohamedi akacheka kidogo, akajizuia. "Fundi, mimi nilimwambia. Tope letu halina adabu. Nyie watu wa milimani hamlijui."

"Tunalijua. Ndiyo maana tukakaa milimani."

Wakati huo Saadi akaingia na baiskeli, shati jeupe, kofia ya vito iliyodariziwa. Alimpa Mudathiri mkono wa pole kwa mikono miwili, akamwombea marehemu, na ilikuwa dua ya kweli. Kisha akasema lake.

"Mzee Mudathiri, mimi sikufichi. Wale watu wa vyuma chakavu kutoka Dar wanakuja Alhamisi kuzoa yadi. Tumekubaliana hivi: kinachofanya kazi kinabaki, kisichofanya kazi kinapakiwa. Kibarua cha kifusi cha Nyamisati nimekipata kwa ajili ya kijiko hiki. Kikinyanyua, tunaendelea. Kisiponyanyua, sina cha kukifanyia. Chuma kilicholala ni chuma tu."

"Leo Jumanne."

"Leo Jumanne," Saadi akakubali, naye uso ulimshuka. "Silinda nyingine nimeuliza mpaka Kariakoo. Spea za Dubai zimejaa, za kila kitu, ila za zee kama hili hakuna."

Alipoondoka, Mudathiri alikaa akilitazama bakuli. Hakuwa na trekta jingine la kutengeneza Kibiti nzima. Kijiko kikipakiwa Alhamisi, ufundi wake utapanda lori pamoja nacho, na yeye atabaki mzee mwenye spana. Akavua shati la msibani, akalitundika juu ya usukani, akaanza kazi.

Kwanza aliishusha mikono ya kijiko ikalala chini kabisa, kisha akazichezesha nyenzo zake huku injini imezimwa, ili mafuta yaliyobanwa yatoe hasira zao. Mafuta yaliyobanwa ukiyafungulia ghafla hupenya ngozi kama sindano. Akafungua mipira miwili ya kupitishia mafuta, akaiziba midomo kwa vigunzi vya mahindi ili mchanga usiingie. Pini zilizoishika silinda zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazigonga kwa mtaimbo mpaka zikakubali, Miraji akipokea upande wa pili. Kofia ya silinda ikafunguliwa kwa patasi na nyundo, hatua kwa hatua. Kisha wakafunga mnyororo kwenye jicho la rodi, wakavuta wote watatu, na rodi ikatoka ikitiririsha mafuta meusi, na pistoni yake mwishoni.

Mohamedi akaipitishia kidole. "Kumbe ni boriti tu."

"Ni boriti isiyoota."

"Basi tuiwekee moto," akasema Miraji. "Kwa mjomba boriti iliyopinda wanaipasha moto."

"Hapana. Moto utaibambua ngozi hii inayong'aa, na ndani itakuwa laini kama muhogo uliopikwa. Itanyooka leo, itapinda kesho kutwa, labda na mtu yuko chini. Inanyooshwa baridi."

Yadi haikuwa na mashine ya kunyooshea. Ilikuwa na boriti mbili za chuma zilizong'olewa kwenye paa la ghala, mnyororo wa kukokotea na jeki ya lori. Mudathiri aliziweka boriti moja juu ya nyingine, akazifunga kwa mnyororo zisiachane, rodi ikalazwa katikati, jeki ikasimama chini ya mgongo wa upinde. Jeki ikipanda, rodi haina pa kwenda ila kunyooka. Tatizo lilikuwa ngozi ya rodi: chuma kwa chuma kingeitia kovu, na kovu dogo tu hukata mpira wa kuzuia mafuta. Hapo Mohamedi akafaa. Alikata vipande vya mkoko mzito, akavichonga kwa panga mferejimfereji ili rodi ilale ndani yake. Mti ule ulikuwa mgumu hata panga lililia.

Kabla ya kubana, Mudathiri aliizungusha rodi juu ya vyuma viwili, ameshika chaki karibu nayo bila kuigusa. Penye mgongo rodi yenyewe iliigusa chaki, ikapata alama. Akaiweka alama hiyo juu ya jeki, akapampu. Jeki ikapanda, mnyororo ukakaza na kutoa mlio, na rodi ikaanza kunyooka machoni, upinde ukipungua, mpaka ikawa imenyooka kabisa hapo ilipobanwa.

Jua lilikuwa limeshaegemea. Mgongo wa Mudathiri ulikuwa unamuuma kuanzia kiunoni hadi kisogoni.

"Sasa iache," akasema Mohamedi. "Sisi kwetu boriti hatuigombezi. Kwa moto au bila moto, tunaibana penye mgongo, tunaitwika mawe, tunakwenda kulala. Asubuhi imeshatii. Ukiilaza vizuri inasahau kama iliwahi kupinda."

"Hiyo ni mti."

"Na hii ni chuma. Si kitu kimoja tu, kinabanwa? Wewe utakesha hapa ukiibembeleza?"

Mudathiri alijua jibu. Alilijua tangu enzi za shamba: chuma hakisahau kwa kungojwa. Lakini mwili una ulimi wake, na jioni ile ulimi wa mwili ulisema kwanza.

"Basi iache ilale," akasema. "Na sisi tulale."

Mwamvua, mkewe, alikuwa uani anasuka mkeka, ukili umemzunguka miguuni. Alimpokea, akamsalimia, akamtilia maji ndoo nzima bila kuuliza kitu, maana harufu ya mafuta ilikuwa imeshamweleza. Alipomaliza kula ndipo akasema.

"Hata hukupita nyumbani kuvua viatu vya msibani, Baba Ashura."

"Kijiko kimepinda."

"Nimesikia. Nimesikia na la Alhamisi." Akanyoosha ukili, akaukaza. "Ashura kaleta salamu kutoka Dimani. Mumewe anasema mikorosho ya baba yangu imeota msitu chini, haina wa kuifyeka. Kibanda kipo. Tungekaa huko."

"Tutakwenda."

"Mwaka juzi ulisema tutakwenda."

Mudathiri akajishika kiuno. Hata mgongo ulikuwa upande wa mkewe.

"Mimi siombi chuma cha watu kife," akasema Mwamvua. "Ila kikifa, sitakilia."

Asubuhi ya Jumatano walisimama wote watatu mbele ya boriti za ghala. Rodi ilikuwa imelala imenyooka, imetulia, utadhani mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Mohamedi alikuwa anatabasamu. Mudathiri akalegeza jeki.

Rodi ikarudi. Haikurudi yote, ila ilirudi kiasi cha kumwaibisha mtu, kwa mdundo mmoja, kama upinde ulioachiwa.

"Haina haya hii," akasema Mohamedi kwa sauti ya chini.

"Mjomba, imesahau kusahau," akasema Miraji.

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyeipinda." Kisha akamgeukia Mudathiri. "Fundi, nimekupotezea usiku. Niwie radhi."

"Hukunipotezea. Uliniambia nilichotaka kuambiwa." Mudathiri akasugua macho. "Chuma ukikipeleka mpaka kwenye unyoofu tu, kinarudi kwao. Lazima ukipitishe, ukipinde kidogo upande wa pili, ndipo kikirudi kikomee katikati. Ukikipitisha kidogo, hakitoshi. Ukizidisha, una upinde mpya. Ukizidisha sana, kinapasuka."

"Na utajuaje kiasi?"

"Kwa kujaribu. Ndiyo maana nilikuwa sitaki."

Akamtuma Miraji Ikwiriri kutafuta sili mpya, ile mipira ya kuzuia mafuta, na zile za zamani zilizochanika akamtia mfukoni kuwa kipimo. Mohamedi naye wateja wa boriti walikuwa wanamngoja sokoni. Akamwachia vipande vya mkoko na uzi wa mshipi, ule wa kuvulia, usionyumbuka, wa kupimia unyoofu. Mudathiri akabaki peke yake na rodi.

Aliibana, akaipitisha unywele mmoja, akalegeza, akaizungusha kwenye chaki. Bado. Akaibana tena, akaipitisha unywele na nusu. Bado. Kila mara jeki ilipopanda, aliweka kiganja juu ya boriti ya ghala kusikiliza, maana chuma kabla ya kupasuka hutoa sauti ndogo ndani, na sauti hiyo unaisikia kwa mkono kuliko kwa sikio. Mnyororo ulilia, yeye akabana pumzi. Akalegeza. Kila akilegeza ilibidi ainame, aizungushe, apige alama, aigeuze, aibane upya. Mchana ukaingia, kivuli cha ghala kikajikunja chini ya ukuta, na nguo zake zikawa zimemgandama mwilini.

Ilifika mahali akakaa chini. Akaitazama rodi. Ilikuwa karibu. Mtu angeipitia haraka angesema imekwisha. Na hapo wazo likamjia, jepesi, halina kelele: akiiacha hivi ilivyo, akairudisha kwenye silinda, itakwama kesho mbele ya watu wa Dar. Hakuna atakayesema Mudathiri mvivu. Watasema, mzee kajitahidi, ila ile kitu ilishakwisha. Kijiko kitapanda lori, na yeye atakwenda Dimani kufyeka chini ya mikorosho, na mgongo wake utapona au hautapona, lakini utakuwa umelala. Wazo lile halikuwa na ubaya wowote usoni. Alikaa nalo muda mrefu.

Ndivyo Mwamvua alivyomkuta, na bakuli la wali na pono wa kukaanga limefunikwa kawa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui wewe, nijue mimi?"

"Macho yamechoka. Nikiutazama uzi naona nyuzi mbili." Akamwonyesha mshipi aliokuwa ameufunga kwenye jicho la rodi. "Shika huo mwisho, uvute. Niambie kama kuna mahali uzi umeacha nafasi."

Mwamvua akaweka bakuli chini, akafunga khanga vizuri, akashika uzi. Alikuwa na jicho la msukaji. Mkeka unaposhonwa, ukili mmoja ukikimbia kiasi cha punje ya ufuta, mwisho wa mkeka unakaa upogo, na mwenye mkeka anaurudisha. Akafumba jicho moja, akainama, akapeleka uso polepole toka mwisho hadi mwisho. Mudathiri alimtazama yeye, si rodi. Alikuwa anajua fika anachokitaka mkewe, na neno moja tu lingemtosha. Angeliamini. Alikuwa tayari kuliamini.

Mwamvua akauchungulia uzi tena, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Bado," akasema. "Hapa, karibu na hili jicho. Kuna tumbo dogo."

Mudathiri akashusha pumzi. "Ungeniambia imenyooka, nisingebisha."

"Najua." Hakuachia uzi. "Na kesho ikikwama ungenitazama mimi maisha yangu yote. Kula kwanza, samaki anapoa."

Akala. Kisha mkewe akashika mkono wa jeki na yeye akaweka kiganja juu ya chuma. Mudathiri alisema pampu, mkewe akapampu. Alisema basi, akaacha. Tumbo lile lilikuwa karibu mno na jicho, mahali rodi ina ukaidi zaidi, wakalipitisha na kulirudisha mara kadhaa, na kila mara Mwamvua alifumba jicho lake na kusema bado, kwa sauti ile ile, bila huruma wala hasira. Alipobadili neno, hakulibadili kwa furaha.

"Imelala," akasema.

Mudathiri akaizungusha juu ya vyuma. Chaki ilisimama karibu nayo, na rodi ikazunguka, ikazunguka, haikuigusa popote.

Miraji alirudi jioni na sili ambazo hazikuwa zenyewe hasa, ila zilikuwa ndugu zake; alizikuta kwenye duka la spea za mitumba. Mudathiri alilala akiwa hajavua mkanda.

Alhamisi lori la Dar lilifika mapema kuliko walivyotazamia. Watu wake waliteremka na mitungi ya gesi ya kukatia, wakaanza upande wa mbali wa yadi, na mlio wa moto wa gesi ukawa unasikika muda wote Mudathiri alipokuwa anaipaka rodi mafuta, anavisha kofia, anavisha pistoni na sili zake na kukaza nati kwa kipande cha bomba kilichoongezwa kwenye spana. Palipokuwa na mkwaruzo mdogo kwenye ngozi ya rodi alikwishapitisha jiwe la kunolea na mafuta, taratibu, mpaka kucha ikapita bila kukwama. Silinda ikarudi mahali pake, pini zikagongwa, mipira ikafungwa.

Kiongozi wa watu wa Dar, kijana mwenye miwani ya jua, alikuja kusimama pembeni na Saadi.

"Mzee, hii nayo tunakata?"

"Subiri," akasema Saadi.

"Tunasubiri, ila gesi haisubiri."

"Wasio na subira walikatwa mkia," akasema Mohamedi, ambaye alikuwa ameacha boriti zake sokoni akaja. "Simama kivulini, mwanangu, usije ukaungua rangi."

Mudathiri akamwashiria Miraji. Injini ikawaka, ikakohoa moshi. Miraji akavuta wenzo. Bakuli likatetemeka, likapanda kidogo, likaanguka. Likapanda, likatikisika kama mwenye homa, likasimama.

"Imekufa," akasema kijana wa miwani.

"Ina hewa," akasema Mudathiri. "Miraji, toa yote, rudisha yote. Polepole. Usiilazimishe mwisho."

Rodi ikatoka, ikarudi. Ndani ya tangi la mafuta kulikuwa kunachemka mapovu. Ikatoka, ikarudi. Mtetemo ukapungua. Mudathiri alichuchumaa usawa wa silinda, shavu karibu na chuma, anaitazama rodi inavyopita kwenye kofia yake. Ilitoka imevaa unyevu mwembamba wa mafuta, kama jasho la mtu mzima, haikudondosha tone. Bakuli likainuka mpaka juu ya kichwa cha Miraji, likakaa huko, likatulia.

Saadi akamshika bega. "Mzee wangu. Mzee wangu." Kisha akamgeukia yule kijana. "Hiki kinabaki."

"Sawa, bosi. Hivyo vingine?"

"Vingine ni vyenu." Saadi akatazama yadi, akatazama vyuma vilivyokwishakatwa, vizito, vimelala kwenye majani, na watu wa Dar wanaojifunga vitambaa mikononi wakijiandaa kuvibeba. "Basi kijiko si kinanyanyua? Miraji, wapakilie. Ndiyo kukijaribu huko."

Miraji akamtazama Mudathiri. Mudathiri akatikisa kichwa kukubali, maana lilikuwa jambo la haki. Kijiko hujaribiwa kwa mzigo.

Kikaanza. Kilichota majembe ya sahani, kikayamwaga ndani ya lori kwa kishindo. Kilichota vipande vya trela. Kilikwenda mpaka kwenye mstari wa matrekta yaliyokufa, yaliyokuja kwa meli moja nacho, ambayo Mudathiri aliyafungua na kuyafunga yote, moja moja, ujana wake wote, na sasa yalikuwa yamekatwa boneti kando, magurudumu kando, injini kando. Kila aliponyanyua, Miraji alifanya kama alivyofundishwa, amekunja bakuli, hakuitoa rodi mpaka mwisho. Kila alipomwaga, Mudathiri alikwenda na kitambaa akaifuta rodi vumbi, akaitazama, akarudi. Ilikuwa nyoofu. Haikuwa na kosa lolote.

"Kesho alfajiri tunaingia Nyamisati," akasema Saadi akipanda baiskeli. "Utakuwepo, mzee?"

"Inshallah."

Mwamvua alikuwa amesimama langoni na bakuli la uji. Hakuingia. Aliona bakuli la chuma likipanda na kushuka, akaelewa, akaketi palepale kwenye kivuli cha ukuta kumngoja.

Mudathiri alitafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya ekseli moja iliyobaki karibu na mlango wa ghala, akaegemeza mikono magotini. Kijiko kikaja, kikasimama mbele yake, na Miraji akachungulia kutoka kwenye kiti.

"Fundi," akasema, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia msikitini. "Naomba uinuke. Hiyo nayo imo."

Mudathiri akainuka.